Pamba ya Nani?

Fungueni madaftari yenu. Leo tunazungumza juu ya pamba na Serikali ya Wajerumani.

Viwanda vya nguo vya Ujerumani vilinunua pamba nyingi kutoka Marekani, na bei ilikuwa ikiwaumiza. Wakataka pamba ya koloni lao wenyewe. Basi mwaka 1902 Gavana von Götzen aliamuru yalimwe mashamba ya pamba ya pamoja, kwanza katika wilaya ya Dar es Salaam, kisha sehemu nyingine. Watu walilimishwa kwa zamu, wakisimamiwa na majumbe na maakida. Ninyi mlimao mpunga mnajua kwamba mvua haimngoji mtu. Siku mtu alipokuwa katika pamba ya Serikali, shamba lake lilikaa bila mlinzi, na nguruwe hawana zamu. Malipo yalikuwa haba hata wengine walikataa kuyapokea.

Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa miche ya pamba. Ndivyo vilivyoanza Vita vya Maji Maji. Agosti vita vilifika bonde la Kilombero, ambako kodi ilikuwa imekwisha wachosha watu. Wambunga na Wapogoro walilishambulia boma la Mahenge, wakapigwa kwa bunduki za bombom. Baadaye askari walichoma vijiji na ghala za chakula, ili njaa imalize kazi iliyobaki.

Mwaka 1906 alikuja gavana mwingine, von Rechenberg, mtu aliyejua Kiswahili. Tusidanganyike, hakuja kututetea sisi. Alipiga hesabu: vita vimekula fedha, na mkulima akiuza mazao yake mwenyewe, Serikali itapata kodi na utulivu pia. Mashamba yale ya lazima yakakomeshwa. Reli ya Kati akataka iendelee hadi Tabora, ichukue mazao ya wakulima. Ilifika huko mwaka 1912. Walowezi walimchukia sana, maana watu hao hao waliwataka wawe vibarua wao.

Lakini kodi haikuondolewa. Asiyekuwa na cha kuuza alikwenda kwa mlowezi vilevile.

Sasa zungumzeni darasani: kwa kuwa kodi ilibaki palepale, mkulima alikuwa na hiari gani ya kuuza au kutouza? Andikeni mistari mitano.