Sharti, yapasa, yaweza (katika viwango vya wavuti)

Maneno haya hufasiri istilahi zilizopewa uzito tofauti na waraka RFC 2119 wa mwaka 1997. *Sharti* halina hiari. *Yapasa* huruhusu kuacha, ila kwa sababu ya msingi na baada ya kupima athari zake. *Yaweza* ni hiari kamili.

Kwa mfano, Webmention, kiwango cha W3C (2017) cha tovuti kujulishana viungo: programu pokezi sharti ikatae ombi ambalo anwani ya chanzo na ya lengo ni moja, kulipanga ombi kwenye foleni kabla ya kulishughulikia yapasa tu. Mfasiri akiandika *lazima* pote pawili, programu ndogo isiyo na foleni itadhaniwa imekiuka kiwango. *Inatakiwa* iepukwe: haibainishi daraja.