Kabaila wa Bruges na Amiri wa Kairo

Mwaka 1472 uliwajia kwa heri watu wawili wasiojuana. Mjini Bruges, Louis de Gruuthuse alijengewa chumba cha sala kinachounganisha nyumba yake na Kanisa la Bikira Maria, na mwaka huohuo Mfalme Edward IV wa Uingereza akampa cheo cha Earl wa Winchester, kwa kuwa alimhifadhi alipokimbilia Uholanzi mwaka 1470. Kairo nayo ilimpokea Amiri Yashbak min Mahdi akitoka vitani na mateka wake, Shah Suwar, mtawala muasi wa Dulkadir, ambaye alinyongwa kwenye lango la Bab Zuwayla.

Louis alimtumikia mtemi wa Burgundy, Yashbak alimtumikia Sultani Qaytbay wa Wamamluk, askari waliotoka utumwani na kuitawala Misri. Wote wawili walikuwa nguzo za dola, wote wawili walipenda vitabu vilivyonakshiwa. Tofauti yao kubwa ilikuwa juu ya mtoto: je, cheo cha baba ni chake?

Bruges ilijibu ndiyo. Utajiri wa ukoo wa Louis ulitokana na ushuru wa gruut, mitishamba iliyotiwa kwenye bia kabla hopsi hazijaenea, na haki ya kuutoza ilirithishwa kizazi hata kizazi. Ndoa nayo ilipanua himaya: mwaka 1455 Louis alimwoa Margaretha van Borselen, binti wa ukoo mkubwa wa Zeeland. Kile chumba cha sala kinaeleza mawazo yao kuliko hati yoyote. Dirisha lake linaitazama altare kutoka juu, ili bwana, mke na watoto wahudhurie misa bila kutoka nyumbani wala kuchangamana na waumini walio chini. Ukoo ulikuwa umejitengea nafasi yake hata mbele ya Mungu, na uliamini kwamba nafasi hiyo ni ya kudumu.

Kairo ilijibu hapana. Yashbak aliingia Misri akiwa mtumwa, akawa askari wa Sultani Jaqmaq, akapanda hadi udawadari mkuu, cheo kilichobeba sehemu kubwa ya uendeshaji wa serikali. Lakini mtoto wa amiri alizaliwa huru, na mfumo ulitaka kila kizazi cha watawala kiletwe upya kutoka mbali, kifunzwe kambini, kiachwe huru kwa mkono wa bwana wake. Kwa kawaida, amiri alipofariki, mapato ya ardhi aliyokabidhiwa yalirudi serikalini. Mwanawe hakurithi jeshi wala cheo.

Baba akafanya nini? Aliweka wakfu. Alijenga msikiti au madrasa, akaipatia maduka na mashamba ya kuiendesha, kisha akaandika katika hati kwamba ziada ya mapato iwaendee watoto wake na usimamizi ubaki kwao. Wapo wanaouita huo ujanja wa kukwepa utaratibu. Naona hawamtendei haki. Mtu aliyeng'olewa utotoni kwa wazazi wake alikuwa akijitengenezea ukoo kwa njia pekee aliyoachiwa, na mji ukapata shule na maji ya kunywa. Wanawake nao walikuwa na mkono humo: Fatima, mke wa Qaytbay, alimiliki na kusimamia mali nyingi kwa jina lake mwenyewe.

Jibu la Bruges halikuwa salama kama lilivyoonekana. Mtemi Charles wa Burgundy aliuawa Nancy mwaka 1477, binti yake Marie akafariki mwaka 1482, na Louis akagombana na Maximilian, mume wa Marie, hadi akafungwa. Alifariki mwaka 1492. Mwanawe, Jean, akawa mtumishi wa mfalme wa Ufaransa, na vitabu vya baba vikaishia mikononi mwa Louis XII. Ukivifungua leo mjini Paris, katika kurasa kadhaa utaona nembo ya Ufaransa imepakwa juu ya nembo ya Gruuthuse. Yashbak naye alikatwa kichwa mwaka 1480, baada ya kushindwa vitani karibu na mji wa Ruha, mbali na Kairo.

Hata hivyo, watoto wa maamiri walionyimwa upanga walipata kalamu. Ibn Taghribirdi alifiwa na baba yake, gavana wa Dameski, akiwa bado mdogo, akalelewa na dada yake, aliyeolewa na kadhi mmoja kisha na mwingine. Akawa mwanahistoria mkubwa wa Misri. Ibn Iyas, naye mzawa wa ukoo wa Wamamluk, aliandika habari za mji wake hadi Waothmani walipouteka mwaka 1517 na baada ya hapo. Mengi tunayoyajua kuhusu Yashbak, ushindi wake na kifo chake, yametoka kwake.