Kasoro ya 1998 ambayo bado iko kwenye mtihani

Njoro, nchini Kenya, ilipata jina kwa ngano, na kwa shule ya kilimo aliyoianzisha Lord Egerton mwaka 1939. Shule hiyo leo ni Chuo Kikuu cha Egerton, kompyuta ni mojawapo ya masomo yake, na kijana wa hapo anayewania cheti cha usalama wa mtandao kama Security+ au CEH hataikwepa sura ya kudunga SQL (SQL injection). Wengi huikariri kama mkusanyiko wa hila za wadukuzi. Historia yake inasema vingine: kosa ni la mwandishi wa programu kabla ya kuwa ujanja wa mdukuzi.

Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM walibuni SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, mapema miaka ya 1970, enzi ambazo hifadhidata zilikaa ndani ya ofisi na kuulizwa na wenyewe. Tovuti zilipokuja, kisanduku cha kujaza jina kikawekwa mbele ya kila mpita njia, na alichoandika kikabandikwa moja kwa moja kwenye amri. Desemba 1998 Jeff Forristal, kwa jina la rain.forest.puppy, aliieleza hatari hiyo katika jarida la Phrack. Chukua ukurasa wa kuingilia. Mtu anaandika mahali pa nywila: ' OR '1'='1. Alama ya kwanza inafunga nukuu iliyofunguliwa na programu, na yanayofuata yanasomwa kama amri. Moja ni sawa na moja daima, basi sharti limetimia na mtu ameingia bila nywila. Kinga yake ni kuitunga amri kwanza na kuiachia nafasi tupu, kisha maneno ya mtumiaji yapokelewe humo kama data tu, hata yawe na alama gani.

Wapo wanaosema zana za kisasa zimeyamaliza haya. Lakini mwaka 2015 kampuni ya mawasiliano ya TalkTalk ya Uingereza ilidungwa SQL na kupoteza taarifa za wateja 156,959 kupitia kurasa kuukuu ilizorithi iliponunua biashara ya Tiscali, ikatozwa faini ya pauni 400,000. Na 2023 programu ya MOVEit ikavunjwa kwa njia hiyohiyo. Wengine watataja eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, iliyolemewa Julai 2023. Hilo lilikuwa shambulio la kuzidisha maombi, jambo tofauti kabisa, na mtahiniwa anayeyachanganya hayo mawili atapoteza alama. Hoja nzito zaidi ni kwamba mtihani huuliza kutambua alama, kwa hiyo kukariri kunatosha. Lakini huuliza kinga pia, na aliyekariri atakimbilia kuchuja herufi mbaya, kinga dhaifu, kwa sababu hajui ugonjwa ulianzia wapi.

Basi jifunze chanzo, na ujaribu kwenye hifadhidata uliyoitengeneza mwenyewe. Chini ya sheria ya Kenya ya uhalifu wa mtandao ya 2018, kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni faini ya hadi shilingi milioni 5, kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili.