Gauni Lisilo na Uso

Mwanasesere wa karatasi huuzwa akiwa na nguo za ndani peke yake. Amesimama wima katikati ya ukurasa, mikono imeachana kidogo na mwili, anatabasamu kama mtu anayemsubiri fundi. Kurasa zinazofuata ndizo kabati lake: gauni, koti, kofia, viatu, kila kipande kikiwa na vishikio vidogo vya mraba pembeni ambavyo unavikunja nyuma ya mabega na kiuno ili nguo isidondoke. Unakata kwa mkasi, unavisha, unavua, unavisha tena. Mchezo ni huo tu.

Kuna wachoraji, wengi wao Marekani, wanaotengeneza wanasesere wa aina hii kwa heshima ya dragi, yaani ile sanaa ya jukwaani ambapo mwanamume huvaa na kujipamba kama mwanamke kupita wanawake wenyewe, au mwanamke huvaa suti na kofia kama bwana mkubwa, anaimba, anacheza, anachekesha, halafu onyesho likiisha anavua wigi na kwenda kutafuta chakula. Niseme mapema, kwa sababu kwetu mambo haya hupikwa yote kwenye sufuria moja: dragi ni vazi na onyesho. Haikuambii mvaaji anampenda nani wala anajiona nani akiwa kwake. Wengine ni mashoga, wengine ni transjenda, wengine wana mke na watoto.

Nilifika huku kikazi. Naandika kwa malipo ya kipande, na duka moja la zawadi mtandaoni lilitaka maelezo ya bidhaa zake, maneno 50 kila moja. Kitabu kimojawapo kilikuwa cha wanasesere wa dragi. Nililipwa maneno 50 nikasoma wiki tatu, hesabu ambayo haimlishi mtu. Niliacha chuo mwaka wa tatu nikisoma historia, karo ikiwa imenishinda, lakini tabia ya kufuata kitu hadi kiniishie mikononi haikuachia hapo chuoni.

Basi nikaanza na karatasi. Mwaka 1810, pale London, kampuni ya S. & J. Fuller ilitoa kijitabu kiitwacho The History of Little Fanny. Fanny ni msichana anayependa nguo mno. Kwa kosa hilo anapoteza kila kitu, anakuwa ombaomba, kisha anapanda ngazi polepole kwa kazi na utiifu hadi arudi nyumbani kwao. Mahubiri matupu. Lakini angalia jinsi kilivyotengenezwa: kichwa cha Fanny kilikuwa kipande cha peke yake, unakichomeka kwenye vazi la tajiri, unakichomoa, unakichomeka kwenye vazi la ombaomba. Uso ni uleule. Maneno yalimwambia mtoto kwamba kupenda nguo ni dhambi, huku vidole vyake vikijifunza kwamba cheo cha mtu kinaweza kuchomolewa shingoni. Mwaka huohuo Fuller wakatoa na kijitabu cha mvulana, Little Henry. Sina haja ya kueleza mtoto mwenye vitabu vyote viwili alifanya nini mvua ikinyesha na mama hayupo.

Wakubwa nao hawakupenda mchezo huu uchezwe na watu wazima barabarani. Mwaka 1848 mji wa Columbus, Ohio, ulipiga marufuku mtu kutoka hadharani na vazi lisilo la jinsia yake. San Francisco ikafuata 1863. Ya New York ndiyo iliyonifurahisha, kama sheria inaweza kumfurahisha mtu. Katika miaka ya 1840 wapangaji wa mashamba kule bondeni mwa mto Hudson walikataa kuwalipa kodi mabwanyenye wenye ardhi. Maafisa wa mahakama walipokuja kunadi mifugo yao, walikutana na wakulima wenye vinyago usoni na magauni ya kaliko, wakijiita Wahindi Wekundu, wakipuliza pembe kuitana. Januari 1845 jimbo likapitisha sheria: ni kosa kuonekana umejifunika uso au kujigeuza usitambulike. Ilitungwa dhidi ya wakulima wa kiume ndani ya magauni, watu ambao shida yao ilikuwa kodi. Mgogoro wa kodi ukaisha, sheria ikabaki, na miaka mingi baadaye polisi wa jijini wakaitumia kuwakamatia wanaume wengine ndani ya magauni mengine.

Wazee wa dragi wa New York husimulia habari ya kanuni ya vipande vitatu: uwe na nguo tatu za jinsia uliyoandikiwa, la sivyo unalala ndani. Hakuna sheria iliyoandikwa hivyo. Ilikuwa sheria ya mdomo, nayo sheria ya mdomo ndiyo ngumu kuliko zote kwa sababu anayekusomea ni yule aliyekushika. Hebu mfikirie askari chini ya taa ya barabarani akihesabu: soksi moja, fulana mbili... Anacheza mwanasesere wa karatasi, ila mwanasesere anahema.

Sasa nije kwa mtu aliyenifanya nisilale.

William Dorsey Swann alizaliwa mtumwa Maryland, karibu na mwaka 1860. Vita vikaisha, utumwa ukaisha, akaenda Washington kutafuta kazi kama vijana wengine wote. Mwaka 1882 alifungwa kwa wizi mdogo, na miongoni mwa vitu alivyoiba kulikuwa na vitabu vya maktaba. (Nilipofika hapo nilishaanza kumpenda.) Katika miaka hiyo ya 1880 alikuwa akiandaa dansa za siri: wanaume weusi, wengi wao waliozaliwa watumwa kama yeye, wakikutana usiku kwenye nyumba za watu wakiwa ndani ya hariri na satini, wakicheza na kushindana. Yeye walimwita malkia. Mwanahistoria na mwandishi wa habari Channing Gerard Joseph, aliyemfufua kutoka kwenye magazeti na majalada ya mahakama, anasema huyu ndiye mtu wa kwanza tunayemjua kujiita malkia wa dragi.

Usiku wa tarehe 12 Aprili 1888 polisi walivamia. Wageni waliruka madirisha. Swann hakuruka. Alisimama mlangoni akapambana na askari ili wenzake wapate nafasi ya kukimbia, na gauni lake likachanika katika purukushani hizo. Watu 13 walikamatwa na magazeti yakaandika habari ile kwa kicheko. Mwaka 1896 alihukumiwa miezi 10 jela, safari hii kwa kosa la kuendesha nyumba ya fujo, ambalo ni jina la adabu la danguro. Akamwandikia Rais Grover Cleveland kuomba msamaha. Alinyimwa. Lakini barua ile ndiyo inayomfanya aitwe Mmarekani wa kwanza anayejulikana kuchukua hatua ya kisheria kutetea haki ya watu wa aina yake kukusanyika.

Mchoraji anayetaka kumtengenezea Swann mwanasesere anakwama hapo kwa hapo. Hakuna picha yake. Ile inayosambazwa kila mwaka mitandaoni, watu wawili weusi wakicheza, mmoja ndani ya gauni, si yeye. Ni kadi ya posta ya wacheza cakewalk waliokuwa Ufaransa, ya mwaka 1903. Uso wake umepotea. Gauni halikupotea. Mwandishi wa gazeti, katika kumdhihaki, alijali kuandika kwamba mtuhumiwa alivaa satini ya rangi ya krimu. Kwa hiyo mambo yamegeuka kinyume cha desturi: kwa kawaida mchoraji ana mwili na anabuni mavazi. Kwa Swann ana vazi, na lazima abuni mtu wa kulivaa.

Nimeona wachoraji wakimpa sura ya kijana mwembamba wa kidole juu. Mimi ningempa mabega mapana. Mtu aliyezuia mlango usiovukwa na polisi hata kwa dakika chache alikuwa na mabega.

Msomaji wa Pwani hatahitaji maelezo marefu kuhusu mtumwa wa jana anayevaa satini leo. Unguja mtumwa alitambulika kwa vazi kabla hajafungua mdomo: merikani au kaniki, miguu mitupu, kichwa wazi. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake walioachiwa walikimbilia kanga, na baadaye buibui, mavazi ya waungwana, na waungwana wakanuna. Hata lile jina merikani si la bahati. Ni pamba iliyofumwa Massachusetts na kuletwa na wafanyabiashara wa Salem, pamba iliyovunwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Mtumwa wa kule alivuna, mtumwa wa huku akavishwa. Kwa hiyo ninapomsoma Swann sioni mambo ya Wazungu yaliyoletwa kutuharibia vijana, kama nilivyoambiwa na rafiki niliyemweleza ninachoandika. Naona mtu aliyezaliwa akichaguliwa nguo na bwana wake, na alipopata uhuru, jambo la kwanza alilofanya nao ni kuchagua mwenyewe.

Baada yake mambo yanakuwa mengi na yanajulikana zaidi. Harlem kulikuwa na dansa ya Hamilton Lodge, iliyoanza 1869, ambayo kufikia miaka ya 1920 na 1930 ilikuwa ikijaza maelfu ya watu, weusi kwa weupe, kuja kuwaona malkia wakipita. Kulikuwa na Gladys Bentley, mwimbaji wa blues, mwanamke mnene mwenye sauti ya radi aliyepiga piano usiku kucha ndani ya suti nyeupe na kofia ndefu, akizigeuza nyimbo zilizokuwa zikivuma ziwe na maneno yasiyofaa kurudiwa hapa. Wanasesere wa Bentley humpa suti hiyo na basi. Sikubaliani. Mwaka 1952, wakati Marekani inawasaka watu wake yenyewe, Bentley alichapisha makala katika jarida la Ebony akidai amepona na kuwa mwanamke tena, na picha zikamwonyesha nyumbani na gauni lake, mama wa nyumba kabisa. Gauni hilo nalo likatwe liwekwe kwenye ukurasa. Pengine lilikuwa dragi kuliko suti.

Na kulikuwa na Jackie Ormes, ambaye hakuhusika na dragi hata kidogo lakini bila yeye habari ya karatasi haikamiliki. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kuishi kwa kuchora katuni. Alimchora Torchy katika magazeti ya weusi, na kando ya hadithi akaweka Torchy wa kukata, na magauni yake. Watoto weusi waliokuwa wakikata wasichana wa Kizungu kwenye majarida ya wengine sasa walikata mtu wa rangi yao, mrembo, mwenye akili, mwenye viatu vingi. Crystal LaBeija alipoinuka mwaka 1967 katika shindano la urembo New York akilalamika mbele ya kamera kwamba waamuzi huwapendelea malkia weupe, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 akawa mama wa nyumba ya kwanza ya dansa, House of LaBeija, ilikuwa shauri lilelile la Torchy: nani anachorwa, nani anapewa kabati.

Nilichapisha kurasa nne kwa saiba ya mtaani, manila, rangi, shilingi 20 kila moja. Dada wa saiba aliziangalia zikitoka kwenye mashine. "Ni za mtoto wako?" Nikamwambia ni za historia. Akatazama tena ile taji, yale mabawa, ile ndevu iliyochomoza chini ya poda. "Huyu ni mwanaume?" Ndiyo. "Na amependeza hivi!" Akanifungia kwenye bahasha ya kaki bila mimi kuomba, na sikujua kama ananificha mimi au anawaficha wao.

Bahasha ile nilielewa sababu yake. Hii ndiyo nchi iliyoipiga marufuku filamu ya Rafiki mwaka 2018 hadi mahakama ikairuhusu kwa siku saba tu, kama mgeni mwenye visa. Ndiyo nchi ambayo Mahakama Kuu, Mei 2019, ilikataa kuondoa vifungu vya Kanuni ya Adhabu tulivyoachiwa na Mwingereza. Lakini pia ndiyo nchi ambayo nusu ya vichekesho vyake mtandaoni ni vijana wa kiume waliofunga leso kichwani wakiigiza mama zao, na taifa zima linacheka. Nikiwa kidato cha pili, shule ya wavulana watupu, niliigiza mama mkwe kwenye tamasha la drama, matiti ya soksi, mdomo mwekundu. Walimu walicheka hadi wakafuta machozi. Tunajua dragi vizuri sana. Tunachotaka ni ihakikishwe kwamba mvaaji anatania.

Swann alirudi Hancock, Maryland, alikozaliwa, na kufa huko mwaka 1925. Alipokufa, wakuu wa eneo waliichoma nyumba yake. Kama kulikuwa na picha humo, au barua, au kipande cha satini, viliondoka na moshi, na tulichobakishiwa ni karatasi za polisi na za gazeti. Mdogo wake, Daniel, alibaki Washington. Alikuwa na cherehani na mkono mzuri. Aliendelea kuwashonea malkia wa jiji magauni yao, kizazi baada ya kizazi, hadi alipokufa mwaka 1954.