DENI NA JINA JEMA LA MKULIMA

Tunapotimiza miaka kumi ya chama chetu kikuu, yatupasa kukumbuka kwamba kuaminiwa ni mali ya zamani kuliko benki.

Sheria ya vyama vya ushirika ilipotungwa Tanganyika mwaka 1932, sifa ya mkopaji ilikaa katika daftari la chama na vinywani mwa jirani zake. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu; sheria ya mwaka 1982 ikavirejesha. Lakini daftari lile lilisomwa kijijini tu. Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 ilifungua njia ya daftari la nchi nzima. Kanuni zake zikatoka mwaka 2012, na mwaka uliofuata makampuni ya kutunza taarifa za wakopaji yakapewa leseni.

Basi mkulima wa kahawa wa Karatu, au wa vitunguu wa Mang'ola, hutanguliwa na jina lake afikapo benki. Alama zake hupanda alipapo kwa siku iliyowekwa. Hushuka acheleweshapo, au akopapo huku na huku kwa wakati mmoja. Tena kahawa haivunwi kila mwezi: akubaliye kulipa kila mwezi huweza kuandikwa mchelewaji kabla ya mavuno. Na tuombe marejesho yafuate msimu.

Kwa ndugu zetu wafugaji wa Ngorongoro, wasio na hati ya ardhi ya kuweka rehani, jina jema lina thamani zaidi. Kila mwanachama ana haki ya kuisoma taarifa yake na kudai kosa lisahihishwe. Tuitumie haki hiyo. Na dawa ya deni ni kulipa.