Barua kutoka Lamu: Muhamadi Kijuma na Rafiki Zake wa Ulaya

Historia ya fasihi ya Kiswahili huandikwa mara nyingi kwa majina ya namna mbili: majina ya watunzi wa zamani, na majina ya wataalamu waliochapisha tungo zao. Baina yao yuko mtu wa tatu, ambaye hutajwa kwa shukrani katika utangulizi, kisha husahauliwa: yule aliyetafuta maandishi, akayanakili, akayafafanua na kuyapeleka. Muhamadi bin Abubakari bin Omari, aliyejulikana Lamu kwa jina la Kijuma, alikuwa mtu wa namna hiyo. Alizaliwa karibu na mwaka 1855, akafariki mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mwandishi wa hati nzuri, fundi wa kuchonga mbao na bingwa wa ngoma na nyimbo. Sehemu kubwa ya yale yanayojulikana leo kuhusu utenzi wa Kiamu yalipitia mkononi mwake.

Miongoni mwa rafiki zake wa mbali wa kwanza alikuwamo Alice Werner. Mwanamke huyu alizaliwa Trieste mwaka 1859, baba yake akiwa Mjerumani. Alisoma Cambridge, na kati ya mwaka 1911 na 1913 alisafiri Afrika ya Mashariki, akafika Lamu. Baada ya kurudi Uingereza alifundisha London katika Shule ya Mafunzo ya Mashariki, akawa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu kuanzia mwaka 1921 hadi 1930. Kijuma kwa upande wake alitunga utenzi wa Fumo Liongo mwaka 1913, na Werner akaandika juu ya shujaa huyo katika miaka iliyofuata. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama mgonjwa kwa ajili ya binti yake, Werner aliuchapisha Marekani mwaka 1917, kisha tena mwaka 1934 pamoja na William Hichens, ambaye naye aliandikiana na Kijuma.

Kazi hiyo ilihitaji barua nyingi, na sababu yake ni ya kiisimu. Herufi za Kiarabu zina alama tatu tu za irabu fupi, hali Kiswahili kina irabu tano. Tena hazina, kwa asili yake, herufi za p, ch, g wala v. Neno pita na neno peta huweza kuandikwa sawasawa. Mzaliwa wa Lamu huyatofautisha kwa sababu anaujua ubeti kabla ya kuusoma. Msomaji wa London hana msaada huo. Kwa hiyo nakala peke yake haikutosha. Kijuma aliongeza alama katika hati yake ili sauti za Kiamu zionekane wazi. Hapo mwandishi hakuwa tena mnakili. Alikuwa mwalimu, na profesa alikuwa mwanafunzi wake.

Lakini urafiki huo ulikuwa na gharama yake, na aliyeilipa zaidi ni Kijuma. Tenzi alizozipeleka Ulaya si hadithi za kupitisha wakati. Ni mawaidha, dua, habari za Mtume na za siku ya kiyama. Mji wa Lamu ulizihesabu kuwa sehemu ya ibada. Kuziweka mikononi mwa Wakristo, katika nyakati ambapo wamisionari walikuwa wakitafuta wafuasi pwani ile, hakukuonekana kuwa jambo dogo. Kijuma mwenyewe alikaribiana nao hata jina lake likafuatwa katika baadhi ya maandishi na neno Masihii. Alisimama, basi, kati ya jumuiya mbili, na hakuna hata moja iliyoweza kumwamini kabisa.

Tena kuna suala la malipo. Kijuma alipokea fedha kwa nakala zake, na kwa sababu hiyo mtu aweza kusema kwamba hapakuwa na urafiki, bali ajira. Hoja hiyo ina nguvu, kwa kuwa wakati ule Lamu ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza, na mwenye kununua na mwenye kuuza hawakuwa sawa. Hata hivyo, katika desturi ya pwani fundi hulipwa na rafiki yake bila urafiki kuvunjika; anayechonga mlango wa jirani hupokea ujira wake, na bado hubaki jirani. Kinachopima uhusiano huo ni kama kila upande ulikubali kufundishwa na mwenzake.

Kipimo hicho ni kigumu zaidi kwa Ernst Dammann. Alikuwa mchungaji Mjerumani huko Tanga tangu mwaka 1933, na papo hapo kiongozi wa chama cha Hitler kati ya Wajerumani wa Tanganyika. Mwaka 1936 alikwenda Lamu kukusanya tungo, akaketi mbele ya mzee Mwafrika wa miaka themanini hivi ili afundishwe. Itikadi ya chama chake ilikana kwamba mwalimu wa namna ile aweza kuwapo. Elimu yake yote ya Kiamu ilitegemea kuwapo kwake. Kitabu chake cha tungo za Kiamu kilitoka Hamburg mwaka 1940, vita vikiwa vimekwisha kuzitenga Ujerumani na Kenya.

Hati za Kijuma zimehifadhiwa London na Ujerumani, na mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walichapisha kitabu chenye jina lake juu ya jalada. Kwa mwanafunzi wa Lubumbashi au Kisangani, anayekutana na Kiamu kwa njia ya kitabu tu, jambo hili lina maana ya pekee. Beti nyingi anazozisoma zilivuka bahari kwa sababu mtu mmoja alikubali kulaumiwa na watu wake. Atajwe, basi, pale watunzi wanapotajwa, wala si katika shukrani peke yake.