Uharibifu wa faili za mfumo unaojirudia katika Windows

Uharibifu wa faili za mfumo unaojirudia ni hitilafu ya kompyuta ambapo faili za mfumo endeshi hurekebishwa, kisha baada ya siku au wiki chache huharibika tena. Makala hii inahusu kompyuta za nyumbani zenye Windows ya kampuni ya Microsoft. Dalili zake ni programu kujifunga zenyewe, masasisho kugoma na skrini ya bluu.

Zana za kurekebishia

Kikagua faili za mfumo, SFC, kilianza na Windows 98. Zama zile adui mkubwa alikuwa programu zilizoandika faili zao za DLL juu ya zile za mfumo. Windows 2000 ilikuja na ulinzi uliofanya kazi kimyakimya: faili iliyolindwa ikibadilishwa, ilirudishwa kutoka folda ya dllcache. Tangu Windows Vista faili hizo humilikiwa na akaunti ya mfumo iitwayo TrustedInstaller, hata msimamizi wa kompyuta hazigusi kirahisi, na nakala safi hukaa katika ghala la WinSxS.

Amri ya sfc /scannow hulinganisha faili na ghala hilo na kuandika matokeo katika CBS.log. Ghala lenyewe likiharibika, SFC haina pa kuchota. Hapo ndipo huhitajika amri ya DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, iliyopo tangu Windows 8, ambayo huchukua faili safi kutoka Windows Update au kwenye nakala ya kusakinishia. Kwa hiyo DISM hutangulia, SFC hufuata. Ripoti ya SFC nayo yaweza kupotosha: Julai 2019 sasisho la Windows Defender lilibadili faili zake za PowerShell, na SFC ikazitangaza mbovu ilhali zilikuwa nzima.

Vyanzo

Faili iliyoharibika mara moja yaweza kuwa ilikatikiwa na umeme ikiandikwa. Faili zikiharibika tena na tena, na kila mara faili nyingine, wa kushukiwa kwanza ni vifaa.

Rem, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ndiyo inayostahili kupimwa kabla ya vingine, kwa kuwa kila kinachosomwa au kuandikwa diskini hupitia humo. Biti moja ikigeuka, faili nzima huandikwa na kosa lake. MemTest86, iliyoasisiwa na Chris Brady mwaka 1994, huwaka kutoka flashi bila kuhitaji Windows. Isiachwe ipite mara moja tu. Iachwe usiku kucha. Kosa moja latosha kutilia shaka rem, na hapo kila kipande hupimwa peke yake. Kabla ya kununua nyingine, mwendo wa rem ulioongezwa katika BIOS, pamoja na XMP, urudishwe kwenye hali ya kawaida, kisha kipimo kirudiwe.

Kwa diski husomwa takwimu za SMART, yaani rekodi za afya yake. Takwimu namba 5 na 197 zikipanda, huenda diski inakufa. 199 ikipanda, kwa kawaida mwenye kosa ni waya wa data, na waya ni bei nafuu. Data inakiliwe kwanza, ndipo chkdsk /r iendeshwe, kwani huitesa diski dhaifu.

Pawasaplai mbovu huleta dalili zilezile.

Virusi si chanzo cha kawaida siku hizi.

Kusakinisha upya

Kupiga Windows upya kabla ya kupima rem na diski ni kosa baya lililozoeleka: faili mpya hupita katika rem ileile mbovu, na mfumo huzaliwa na kasoro.

Hali ya sasa

Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. SFC na DISM zimo pia katika Windows 11.